Ukuta Haubebeki

Sanduku la babu bado lipo. Liko Kasulu kwa mdogo wangu, stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, na ndani yake kuna mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu zisitobolewe na wadudu. Ni sanduku la bati, rangi yake ya kijani imepauka, na ubavuni lina namba nyeupe iliyobaki nusu. Kila nikienda nyumbani nalifungua. Shemeji yangu hunitazama tu, hasemi kitu. Anajua sikufuata maharage.

Tangu 1946 hadi 1972 sanduku hilo lilitunza magazeti ya vita. Nayakumbuka mawili kwa majina yake, yaliyopigwa chapa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa: Askari, na Heshima.

Babu aliondoka Uha, nchi yetu sisi Waha, mwaka 1942, kijana asiyejua kusoma, akaingia Keya. Ndivyo wazee wote walivyoliita jeshi la Waingereza la KAR, yaani King's African Rifles, na Kiswahili chake cha amri, kilichokatwakatwa, kikaitwa Kikeya. Alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1944 akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kifaru. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua, wakikanyaga tope lenye ruba na kuugua malaria, wakaufikia mto Chindwin, na Desemba wakavukia Kalewa. Babu alitamka "Bama". Kwa miaka mingi nilidhani Bama ni kijiji cha upande wa Kibondo, maana alivyokitaja ilikuwa kama mahali ambapo mtu angeweza kwenda akarudi kabla ya jua kuzama.

Katika vita ile Waafrika zaidi ya laki tatu waliandikishwa katika majeshi ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Walitoka kwenye lugha nyingi, wengi wao hawajawahi kushika kalamu, na wakubwa wa jeshi wakaona kwamba watu wengi namna hiyo, walio mbali na kwao namna hiyo, lazima wasemeshwe kila mara. Kikaundwa kikosi cha walimu wa jeshi cha kuwafundisha askari kusoma na kuandika, na yakachapishwa magazeti ya Kiswahili ya kuwapa cha kusoma. Magazeti hayo yaliwapa habari za vita, yakawahimiza kutii, kuweka akiba, na kuchunga mwenendo wao mbele ya wenyeji wa Ceylon. Jina la Heshima halikuwekwa bure.

Siwezi kusema yalikuwa magazeti ya ukweli mtupu. Yalikuwa sauti ya mwenye jeshi. Ila lazima mtu aelewe karatasi ilikuwa kitu gani katika nyumba za Waha wakati ule. Karatasi ya kwanza kuingia nyumbani ilikuwa risiti ya kodi: usipokuwa nayo unakamatwa. Ya pili ilikuwa kipande, kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge, ambayo manamba wetu waliipata huko Tanga, na kila siku uliyofanya kazi iliwekewa alama hadi zitimie 30. Nchi yetu ya milimani, Kasulu na Kibondo, ilikuwa ghala la watu wa kuchukuliwa. Kila karatasi iliyopanda huku ilikuja kudai pesa au mgongo. Gazeti la jeshi ndilo lililokuwa karatasi ya kwanza kumsemesha babu. Lilimsemesha kwa sababu lilimhitaji, naam, lakini lilimsemesha, na likamwacha na kitu ambacho waliompa hawakuweza tena kumnyang'anya.

Alisoma kama alivyofundishwa huko jeshini. Alisimama. Hakusoma akiwa ameketi hata siku moja, hata alipokuwa mzee na miguu imevimba. Alinyoosha gazeti mbele ya uso, akafuata mstari kwa kidole cha shahada, na akifika mwisho wa sentensi akatamka: "Nukta." Kwa sauti ileile, bila kupunguza. "Majeshi yetu yamevuka mto nukta. Adui amerudi nyuma nukta." Nadhani mwalimu wake wa jeshi aliwaambia wataje alama wasije wakazisahau, na mwanafunzi huyu akatii maisha yake yote. Mambo Leo, lile gazeti la kila mwezi la serikali lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilipofika kijijini baada ya vita, watu walikuja jioni kusikilizishwa, na walikuwa wakingoja zile nukta. Bibi yangu mmoja, dada yake babu, hakujua kusoma, lakini hadi anakufa alimaliza maneno yake mazito kwa kusema nukta. Akishasema hivyo, ugomvi umekwisha.

Hilo ndilo ningependa lihifadhiwe. Sijui makumbusho yangeliwekaje kwenye kabati la kioo.

Nilipokuwa na miaka kama saba, kurasa nzuri zilikuwa hazimo tena sandukuni. Zilikuwa ukutani. Bibi, mke wa babu, alipika uji mzito wa unga wa muhogo, akaupaka kwenye ukuta wa udongo wa chumba chao cha kulala, akabandika kurasa zenye picha moja baada ya nyingine, kuanzia usawa wa kitanda kwenda juu. Alifanya hivyo kuzuia vumbi la udongo lisianguke kwenye shuka, na pia kwa sababu picha zilimpendeza. Kwa kuwa hakujua herufi, moja aliibandika juu chini. Babu hakuigeuza. Ilikuwa na askari wamejipanga, bunduki begani, na mimi niliwaona siku zote wakitembea juu ya dari la dunia. Kwenye ukurasa huo ndipo nilipojifunza kusoma: nililala chali kitandani kwa bibi, kichwa kikining'inia ukingoni, ili maneno yakae sawa. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu bila kusaidiwa na mtu lilikuwa "heshima". Nililisoma kichwa kikiwa chini, damu imejaa usoni.

Kisha ikaja 1972.

Watu wa Kigoma wanaijua Operesheni Kigoma. Uha ilikuwa nchi ya watu wanaokaa mbalimbali, kila mji na migomba yake, na serikali ilitaka vijiji: watu wakae pamoja, wapate shule, maji, zahanati. Shule tuliipata, na mimi ni mmoja wa walionufaika nayo, kwa hiyo siandiki haya nikiwa na hasira na kijiji cha ujamaa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1930 watu wa Kasulu na Kibondo walikusanywa kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale, mbung'o wakiwa wameijaza misitu ya miyombo. Bibi alikuwa amehamishwa akiwa msichana, akahamishwa tena akiwa na wajukuu. Alijua namna ya kuhama. Alifunga vyungu kwa majani makavu ya migomba, akafunga mbegu, akafunga kuku miguu. Babu alichukua mlango, maana mlango wa mbao ni mali. Mimi nilibeba sanduku la bati kichwani.

Ukuta haubebeki. Bibi alijaribu kuubandua ukurasa mmoja kwa kisu, uji wa muhogo ulikuwa umeshika kama simenti, ukurasa ukatoka vipande vipande vyenye udongo nyuma yake. Akaacha. Paa lilipokuja kuezuliwa, mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza.

Yaliyobaki sandukuni nayo hayakukaa. Huko kijijini tulikaa kwanza kwenye kibanda cha nyasi, na mchwa wa ardhi mpya hawakujua kwamba hilo ni sanduku la askari. Waliingilia tundu la kutu. Kilichobaki, babu mwenyewe alikimaliza: alikuwa mvutaji, na karatasi ya Heshima, alisema, inaungua polepole kuliko ya gazeti la siku hizi. Nilimwona akichana pembeni, pasipo na maandishi, mwanzoni. Baadaye alichana popote. Alifariki 1981. Sikuwahi kumuuliza kama iliniuma mimi tu, au naye ilimuuma.

Makumbusho iliyo karibu na kwetu iko Ujiji. Nimekwenda mara nyingi, kwanza na wanafunzi wenzangu, baadaye na wanangu. Ni mahali palipotunzwa kwa kumbukumbu ya Livingstone, chini ya miembe, ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871, na sanamu za wawili hao zimesimama zikisalimiana. Ilinichukua nusu ya umri wangu kutambua kwamba hiyo nayo, kwa kweli, ni makumbusho ya gazeti. Stanley alikuwa mwandishi wa New York Herald. Gazeti ndilo lililomtuma, likamlipia wapagazi, na habari ya Ujiji ikauzwa Marekani na Ulaya. Mahali tulipo sisi paliingia kwenye magazeti ya dunia kama mandhari ya kumkutia mtu mwingine. Miaka 73 baadaye Mha mmoja akasimama Ceylon na gazeti mkononi, akilisoma mwenyewe, na kwa hilo hapakuwekwa jiwe.

Nimewahi kusoma habari za gazeti moja la askari lililoanza Februari 1916 huko Ypres, Ubelgiji. Askari wa Uingereza walikuta mashine ya kuchapia kwenye kifusi cha mji uliopigwa mabomu, na ofisa mmoja, Fred Roberts, pamoja na wenzake wakaanza kuchapa gazeti lao wenyewe, The Wipers Times, lililojaa utani juu ya wakubwa wao na juu ya kifo. Mji ule umejengwa upya na una makumbusho kubwa ya vita ile. Mwaka huohuo wa 1916, mwezi Julai, jeshi la Wabelgiji liliingia Kigoma. Wabelgiji, ambao sehemu kubwa ya nchi yao ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, waliichukua nchi yetu kutoka kwa Wajerumani hao hao kwa kutumia askari wa Kongo na maelfu ya wapagazi, wakakaa nayo hadi 1921. Askari waliofika Uha walikuwa Waafrika, waliobeba mizigo walikuwa Waafrika, na chakula kilitoka kwenye mashamba ya Waafrika. Hakuna aliyekuta mashine ya kuchapia. Ninapofikiria magazeti ya vita, huwaona kwanza hao wapagazi wa 1916 ambao hawakuwa na hata gazeti la kuwadanganya.

Kwa hiyo simlaumu babu kwa kuliamini gazeti lake. Nashukuru alilipata.

Mtu anaweza kuniambia nisihuzunike, magazeti hayo hayajapotea. Ni kweli. Mtafiti Mjerumani, Katrin Bromber, ameandika kitabu kizima juu ya magazeti ya jeshi ya Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Pili. Kilitoka 2009, kinaitwa Imperiale Propaganda, kimeandikwa kwa Kijerumani. Nilifurahi nilipojua kipo. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa ndugu yake aliyepotea yuko hai nchi za mbali. Maandishi yapo, yanasomwa, yanachambuliwa. Lakini nakala iliyoko kwenye hifadhi ni nakala iliyosema na haikujibiwa. Inaonyesha jeshi lilitaka askari awe nani. Ile ya kwetu ilikuwa na jibu juu yake. Pembeni mwa picha ya ofisa fulani babu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima, "MWONGO HUYU", na chini ya habari ya askari kulipwa vizuri alikuwa amechora hesabu: shilingi zake, tarehe, na mstari. Chini ya mstari hapakuwa na kitu. Kwenye ukurasa mwingine aliandika majina ya wenzake, kama tisa, watu wa Kasulu, wa Kibondo, mmoja wa Manyovu, na mbele ya baadhi yake msalaba mdogo. Nilikuwa mtoto, nilidhani misalaba ile ni alama ya kujumlisha.

Ukurasa huo wa majina ulikuwa ukutani. Sikumbuki hata jina moja.

Huko Burma, nje ya Yangon, pale Taukkyan, Waingereza wamejenga makaburi ya vita na ukumbi wa mawe wenye majina karibu elfu 27 ya askari wasiokuwa na kaburi linalojulikana, na askari wa Afrika Mashariki wamo. Hapa nyumbani tuna Mnara wa Askari Dar es Salaam, wa tangu 1927, tuna makumbusho ya Majimaji kule Songea, tuna makaburi ya Kaboya ya waliokufa katika vita vya Kagera. Sisemi tumewasahau mashujaa. Nasema tumewakumbuka wakiwa wamesimama na bunduki tu. Askari wa shaba hana gazeti mfukoni, wala penseli.

Mwaka jana nilisafiri kwa basi kutoka Kasulu kwenda Kibondo, nikashuka njiani kumwona rafiki mmoja anayefuga nyuki. Tulikaa kivulini, akanipa asali kwenye bakuli la plastiki, vipande vya masega vikielea, tukazungumza juu ya Mtabila. Yeye aliijua ilipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi ilifungwa mwishoni mwa 2012 na watu maelfu kwa maelfu wakarudishwa kwao, wakiondoka kama tulivyoondoka sisi 1972: na kinachokaa kichwani. Leo Mtabila ni kikosi cha JKT. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanakuja kutoka mikoa yote, wanakimbia mchakamchaka alfajiri juu ya ardhi ileile. Rafiki yangu aliniambia kwamba baada ya kambi kuhamwa, kuta za udongo zilisimama kwa misimu miwili bila paa, kisha zikalainika na kulala. Alisema hivyo, zikalala. Nikamuuliza kama kulikuwa na karatasi zimebandikwa ndani. Akafikiri. Akasema alikumbuka kalenda moja, ya kanisa, na picha ya mchezaji mpira.

Kama ningepewa chumba kimoja, chumba tu cha shule ya msingi chenye dirisha moja, Kasulu au Kibondo, ningejua la kufanya. Nisingeanza na kabati. Ningeomba nakala za picha za Askari na Heshima popote zilipo, nikazibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa udongo, moja juu chini. Ningeweka risiti za kodi na vipande vya mkonge pembeni yake, na nakala za Ulinzi, jarida la jeshi letu wenyewe, lililochapwa bila mkoloni, maana nalo wako watu waliolisoma kwa kidole wakiwa mbali na nyumbani. Ningeacha penseli zimefungwa kwa kamba. Na ningemtafuta mzee yeyote aliyebaki ambaye baba yake alisoma hivyo, akiwa amesimama, aje asome kwa sauti huku mtu akirekodi kwa simu. Simu tunazo. Wazee ndio wanaopungua kila masika.

Alasiri ya siku ile niliyomtembelea rafiki yangu mfuga nyuki, nilikwenda kwenye mahame yetu. Sikuwa nimefika pale kwa miaka zaidi ya 20. Mpwa wangu ndiye anayelima sasa, na maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Palipokuwa nyumba unapatambua kwa mnyaa mmoja uliobaki wa ua wetu wa zamani, na kwa udongo, ambao hapo ni mwekundu zaidi na una kimo kidogo, kama mtu aliyejifunika blanketi. Mpwa wangu akasema maharage ya hapo hustawi kuliko ya kule chini. Akaniuliza: "Mjomba, chumba cha babu kilikuwa wapi?"

Nilimwonyesha. Nikamwonyesha kitanda kilipokaa, mlango ulipokuwa, mlango ambao babu aliubeba. Kisha nikataka kumwonyesha ukurasa wa majina. Nikaweka mkono hewani, usawa wa kifua changu, nikasema, "Hapa." Kisha nikakumbuka kwamba wakati ule nilikuwa mtoto, nikaushusha mkono taratibu hadi kiunoni.